Mche wa dirishani hautolewi nje kwa siku moja

Msomaji wangu, kuna kosa nililolifanya mwezi Aprili mwaka 2025 ambalo sijamsimulia mtu hapa nyumbani. Lilinitia aibu, hasa kwa kuwa mimi nimekulia kwenye vitalu vya kabichi kule Lushoto. Leo nalisimulia kwa sababu wengi mmeniandikia kuhusu watoto wanaoanza kidato cha kwanza shule za bweni mwezi Januari, na kila nikisoma ujumbe wenu nakumbuka trei sita za miche.

Nilikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Binti yangu mkubwa alikuwa amejifungua mwezi Machi, na kama mjuavyo, bibi hasubiri kuitwa mara mbili. Nilikwenda kumkanda mzazi, kumpikia uji wa pilipili manga na kumwogesha mjukuu. Mkwe wangu anafanya kazi za zamu ya usiku, kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa kimya: baba amelala, mama amelala, mtoto amelala. Mimi nipo macho, natafuta cha kufanya.

Sebuleni, mbele ya dirisha linalotazama kusini, kulikuwa na meza ndefu imejaa miche. Nyanya, bilinganya, pilipili, sukuma wiki, na trei moja ya ngogwe. Binti yangu alikuwa ameisia tangu mwishoni mwa Februari, tumbo likiwa limeshamshinda kuinama na nje theluji ingali imelala. Huko hakuna namna nyingine. Majira yenye joto la kutosha nyanya na ngogwe huanza kama katikati ya Mei na kufika Septemba yameanza kukatika. Mmea unaohitaji miezi minne au mitano lazima utoto wake uupitishe ndani ya nyumba, ama sivyo baridi itaukuta una maua tu.

Zile ngogwe zilikuwa na historia yake. Mbegu alipewa na mama mmoja Mtanzania aliyekuwa akihama mji, naye akaendelea kuzitunza mwaka hadi mwaka: anakamua tunda lililoiva, anaosha mbegu, anazianika kwenye karatasi, anazitia kwenye bahasha. Kwa mtu aliye mbali na kwao, bahasha ya namna hiyo si kitu kidogo.

Jumamosi moja katikati ya Aprili jua liliwaka. Simu ilionyesha nyuzi 18, na baada ya wiki mbili za kuvaa makoti mawili, mimi niliona Dar es Salaam imerudi. Nikaitazama ile miche. Ilikuwa mirefu, myembamba, yote imelalia upande wa dirisha kama abiria wa daladala wanaotafuta hewa. Nikasema moyoni, maskini, inataka jua. Nikazibeba trei zote sita, moja baada ya nyingine, nikazipanga kwenye ngazi za nje, juani kabisa. Nilijisifu pia. Nilijua binti akiamka atasema, "Asante Mama."

Kufika saa kumi jioni majani yalikuwa yamelegea. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia maji mengi. Usiku nikaviacha vyote hukohuko nje, nikitegemea umande uifufue. Asubuhi nilipofungua mlango, ngazi zilikuwa na sakitu, ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani alfajiri, ambayo ndugu zangu wa Njombe na Makete wanaijua vizuri mwezi wa Juni na Julai. Nyanya zilikuwa nyeusi kama mchicha uliochemka kupita kiasi. Bilinganya na pilipili hivyo hivyo. Ngogwe hata mmoja haukuwa umesimama.

Binti yangu alitoka na mtoto kifuani. Alitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea alie, au anigombeze kidogo, maana alikuwa na haki. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, hata mimi ulinitoa hivihivi." Akarudi ndani.

Nitarudi kwenye maneno hayo. Kwanza niwaeleze aliyenifundisha nilikosea wapi, maana na yeye ana kisa chake.

Nilikuwa nimeinama pale kwenye ngazi nikikusanya maiti za miche, akaja mzee wa nyumba ya pili, mzungu mstaafu mwenye ndevu nyeupe. Akaniambia kwa upole kwamba mwaka uliotangulia na yeye aliua yake kwa namna hiyohiyo. Nikamuuliza, nyanya? Akasema hapana, bangi.

Msomaji wangu, nilisimama wima. Baadaye mkwe wangu alinieleza taratibu. Katika jimbo lile, tangu tarehe 1 Agosti 2023, mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi anaruhusiwa kisheria kuotesha bangi kwake, isiyozidi mimea 8 kwa makazi, na isiyozidi 4 kati yake iwe imetoa maua, mahali palipofungwa kwa kufuli na pasipoonekana na umma. Kwetu kulima bangi ni kosa kubwa la jinai, na siandiki haya ili mtu aniletee mambo. Na hata huko inakoruhusiwa, madaktari wanamkataza mjamzito na anayenyonyesha, kwa hiyo binti yangu na yule mzee wanabadilishana salamu na mbolea, basi. Lakini mwalimu ni mwalimu. Yule mzee alikuwa amelipia somo lake kwa hasara, na alinipa bure.

Alianza kwa kuniuliza ni nini nadhani kiliiua miche. Nikajibu, baridi. Akasema baridi ilimalizia tu. Ilianza kufa mchana, kwa jua.

Mmea uliokulia ndani, alinieleza, hauna ngozi. Jani la mmea wa nje hufunikwa na utando wa nta unaozuia maji yasitoroke na jua lisiunguze. Utando huo huwa mzito pale tu mmea unapopata sababu ya kuujenga. Ndani ya nyumba sababu haipo. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, na mwanga unaobaki ni sehemu ndogo tu ya ule wa nje, hata kama macho yetu yanaona kumekucha sawasawa. Upepo nao haupo, kwa hiyo shina halina haja ya kukaza misuli. Linarefuka tu kufuata mwanga, laini kama tambi. Mche wa namna hiyo ukiuweka juani saa sita, majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na nyama ya jani huungua ikawa na mabaka meupe kama majivu. Kuumwagilia hakusaidii, kwa sababu tatizo si maji kukosekana kwenye udongo.

Nikamwambia, lakini jua lenyewe la huku ni la baridi. Akacheka. Katikati ya Aprili, alisema, jua linasimama angani kwa urefu uleule linaosimama mwishoni mwa Agosti. Ardhi na hewa ndizo zinazochelewa kupata joto baada ya miezi ya theluji. Jua lenyewe halikuchelewa. Mtu anavaa koti, anahisi baridi puani, anadhani jua ni dogo, kumbe mche unaungua.

Halafu ndipo usiku unakuja kumalizia. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani kwa sababu hakuna blanketi la mawingu la kulirudisha. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ile iliyo kwenye kimo cha mtu. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha nyuzi 2 na mche ulio chini ukaganda. Na hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama mabondeni na chini ya ngazi. Chini ya ngazi, msomaji wangu, palepale nilipopanga trei za mwisho.

Bangi yake ilikuwa na tatizo la ziada, ambalo nilitamani kulijua hata kama sitalitumia. Mmea ule huhesabu urefu wa usiku. Yeye alikuwa ameulea chini ya taa zinazowaka saa 18 kwa siku. Alipoutoa nje mwishoni mwa Aprili, mchana wa Minneapolis ulikuwa unakaribia saa 14 tu. Mmea ukahisi usiku umerefuka ghafla, ukadhani mwaka unakwisha, ukaanza kutoa maua ungali mdogo. Mei na Juni zilipofika na mchana kurefuka hadi zaidi ya saa 15 na nusu, ukagundua umedanganyika, ukarudi kutoa majani, wiki nyingi zikiwa zimepotea. Siku hizi anasubiri mpaka Juni ianze. Sisi wa Dar es Salaam, ambako mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka havipishani hata saa 1, hatuna mazoea ya kufikiri kwamba mmea unaweza kushtuka kwa sababu ya saa. Kumbe unaweza.

Nikamuuliza: sasa mtu afanye nini? Akanipa utaratibu, nami nauandika hapa kwa ajili ya ndugu zetu walio Minnesota, Toronto, Stockholm na kwingineko kwenye theluji.

Kwanza, usiifuate siku moja ya jua. Fuata usiku. Nyanya, bilinganya, pilipili, ngogwe, bamia na mchicha havitaki kulala nje kabla joto la usiku halijatulia juu ya nyuzi 10. Kwa eneo la Minneapolis maana yake ni kuvuka katikati ya Mei. Sukuma wiki na kabichi, zikishazoeshwa, huvumilia sakitu nyepesi na zinaweza kutangulia wiki kadhaa.

Pili, anza kuzoesha siku 7 hadi 14 kabla ya kupandikiza. Siku ya kwanza na ya pili, saa 1 au 2 tu, kivulini, mahali pasipopigwa na upepo, kisha rudisha ndani. Siku ya tatu na ya nne, iache ionje jua la asubuhi kwa muda mfupi, mchana ikae kivulini. Baada ya hapo ongeza saa 1 au 2 kila siku. Kufika wiki, inashinda nje. Siku mbili za mwisho, kama usiku ni wa joto, ilale nje. Siku ikiwa na upepo mkali, pumzisha zoezi. Kurudi nyuma siku moja hakuharibu kitu.

Tatu, wiki hiyo punguza maji, udongo wa juu ukauke kati ya umwagiliaji, lakini usiuache mche unyauke. Mbolea nyingi usitie, italeta majani laini wakati unataka shina gumu. Hata ukiwa bado ndani, unaweza kuipitisha miche kiganja cha mkono juu yake kila siku, iyumbe kidogo. Shina linalotikiswa huwa fupi na nene.

Nne, siku ya kupandikiza chagua jioni au siku ya mawingu. Na usiku ukitangazwa kuwa wa baridi, funika kwa shuka iliyoinuliwa kwa vijiti. Karatasi ya nailoni ikigusa majani, pale ilipogusa pataganda.

Alipomaliza, nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nayajua hayo yote. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kitalu cha kabichi nyuma ya nyumba. Juu ya kitalu aliweka chanja la fito na nyasi kavu. Wiki moja kabla ya kupandikiza alianza kupunguza nyasi, mafungu mawili leo, mafungu mawili kesho, mpaka chanja linabaki fito tupu. Maji nayo alipunguza. Sisi watoto tulimuuliza kwa nini anaitesa miche. Alijibu kwamba anaiambia inakokwenda. Nimeishi mjini zaidi ya miaka 30, nikalisahau chanja la mama yangu, mpaka mzee wa bangi akanikumbusha.

Sasa nirudi kwa binti yangu.

Alizaliwa Tabata, akawa mtoto wa geti kali. Mniwie radhi, wakati ule nilijiona mzazi bora. Basi la shule lilimchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Hakuwahi kutumwa dukani. Hakuwahi kufua soksi yake. Mpaka anamaliza darasa la saba hakuwa amevuka Barabara ya Mandela bila kushikwa mkono. Halafu Januari moja, akiwa na miaka 13, nikampakia kwenye basi na tranka, godoro na ndoo mbili, nikampeleka bweni mkoani Kilimanjaro. Nilimwacha saa nane mchana, saa tisa nilikuwa kituoni narudi. Nilisema atakomaa hukohuko.

Alikomaa. Alifaulu vizuri, akaenda chuo, leo ana nyumba na mume na bustani. Kwa miaka yote hiyo nilimtolea mfano kwenye safu hii kwamba bweni lilimjenga. Usiku ule wa Jumapili, mtoto akiwa amelala, ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza alimaanisha nini.

Aliniambia kwamba muhula wa kwanza alilala na viatu kwa sababu alikuwa hajui kufunga kufuli la tranka na aliogopa vitaibiwa. Kwamba hakujua kufua, akavaa shati moja wiki nzima, wenzake wakampa jina ambalo hakutaka kulitamka hata usiku ule. Kwamba aliponiandikia barua ya kwanza nilimjibu awe jasiri. Hakuandika ya pili. "Sikuacha kukupenda, Mama," alisema. "Niliacha kukuambia."

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lile la wazazi wote: mbona ulifika? Nikalimeza. Nilimwomba msamaha. Ilichukua miaka 20 na trei sita za miche. Sijui kama ingetosha kwa mtoto mwingine. Kwake ilitosha kuanzia, na tuliongea mpaka mkwe wangu akarudi kutoka kazini asubuhi.

Wazazi mnaoniandikia mnauliza swali moja: bweni ni zuri au ni baya? Mimi sijibu swali hilo. Kuna mtoto anayestawi bweni na kuna anayestawi nyumbani, na kuna familia ambazo hazina nafasi ya kuchagua. Ninachowauliza ni mmebakiwa na wiki ngapi, na mmeanza lini kupunguza nyasi za chanja.

Mtoto wangu wa mwisho, kitinda mimba, anakwenda bweni Januari hii, ametaka mwenyewe. Tulianza tangu Agosti. Kwanza alifua nguo zake huku nikiwa jirani, kisha nikaacha kuwa jirani. Alitumwa dukani, kisha sokoni, kisha akapanda daladala peke yake mpaka kwa mjomba wake na kunipigia akifika. Amelala kwa shangazi yake Tanga siku mbili, baadaye wiki. Siku ya tatu ya wiki hiyo alipiga simu akilia anataka kurudi, nikamfuata. Baba yake alisema namdekeza. Mwezi uliofuata alikwenda tena mwenyewe akakaa siku kumi. Na tumekubaliana neno moja dogo ambalo akilisema kwenye simu ya matroni, nitajua kuna jambo asiloweza kulieleza mbele ya watu, nami nitapanda basi.

Na miche? Nyanya na pilipili binti alinunua mingine sokoni mwezi Mei, huko miche inauzwa. Sukuma wiki nne zilizokuwa zimeungua majani tu zilichipua upya katikati, na ndizo walizokula hadi theluji ya kwanza. Kwa ngogwe, alikuwa amebakiza mbegu chache kwenye bahasha. Alizisia upya Aprili hiyohiyo, tukazitoa pamoja mwishoni mwa Mei, saa moja kivulini siku ya kwanza, mimi nimekaa na saa mkononi na mjukuu mapajani. Zilichelewa. Mwanzoni mwa Oktoba, sakitu ya kwanza ilipotangazwa, alichuma zote usiku kwa tochi. Zilikuwa kumi na moja.

Tisa walizipika. Mbili aliziacha ziive dirishani kwa ajili ya mbegu.

Tukutane wiki ijayo.